Alichosema Amsi Kule Malaga

Mwanangu Yustina,

Umetoka sasa hivi kwenda Rhotia kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko uani anakunyooshea nguo. Jua bado lipo. Nimekaa kwenye meza ya sebuleni na mlango nimeufunga, jambo ambalo sina kawaida ya kulifanya mchana. Ungenikuta ungedhani naumwa.

Mambo ya sweta, pasipoti na namba za kupiga ukifika, mama yako ameshakuambia, na atayarudia kesho mpaka gari liondoke. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na tisa.

Siku uliyokuja na habari kwamba klabu ya Malaga kule Hispania imewachukua wewe na mkimbiaji mwenzako Marselina, ulinikuta nakata majani ya ng'ombe. Ukasema, "Baba, si ndiko ulikokwenda wewe? Kukoje?" Nikasema, "Kuna bahari." Ukangoja. Nikaendelea kukata. Nilikuona ukigeuka kurudi ndani na nilijua umeumia, wala haikuwa mara ya kwanza. Unakimbia tangu darasa la sita, na sijawahi kusimama pembeni ya uwanja hata siku moja. Uliposhinda mbio za wilaya ulileta cheti, nikakishika, nikasema vizuri, nikakurudishia. Mama yako hakusema nami siku mbili. Huko nje watu walisema Tarmo anamwonea mwanawe wivu kwa kuwa yeye aliacha mbio bila kufika popote. Niliwaacha waseme. Afadhali wivu kuliko kile kilichokuwepo.

Amsi unamjua kwa ile picha iliyokuwa ukutani kwa mama yake kule Buger, Bibi tuliyemzika mwaka huu mwezi wa tano. Umekua ukiambiwa kwamba alikuwa rafiki yangu, kwamba tulikwenda Hispania kukimbia, akafia huko kwa ugonjwa wa moyo ambao alikuwa akiuficha. Yote hayo ni kweli isipokuwa hapo mwisho. Amsi hakuficha. Alisema. Alisema kwa mdomo wake, mbele ya daktari, na mimi nilikuwa nimekaa pale.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Tulianza kukimbia pamoja kabla hujazaliwa. Yeye alitoka Buger akaja kupanga chumba hapa Karatu ili tufanye mazoezi. Alfajiri tulipanda barabara ya kwenda lango la Ngorongoro kabla magari ya watalii hayajaanza kupita, ukungu umeshuka mpaka huoni mashamba ya ngano. Jumamosi tuliteremka barabara ya Mang'ola mpaka pale joto linapoanza kukupiga usoni, tukageuza tukapanda, na malori ya vitunguu yalipotupita madereva walitupigia honi. Siku zote yeye alikuwa mbele, mimi nyuma yake hatua tatu au nne. Hata leo naweza kukuonyesha mgongo wake ulivyokuwa, bega la kushoto likiwa chini kuliko la kulia kwa ajili ya kubeba maji utotoni. Sikuwahi kujifunza kukimbia peke yangu. Nilikuwa nafuata mgongo ule, basi, na muda wangu wa mbio ukiwa mzuri nilidhani ni miguu yangu.

Shule Amsi aliishia darasa la nne, akatolewa kuchunga. Kiswahili alikijua cha kuombea maji na kuulizia bei. Kiingereza hakukijua kabisa. Mimi nilikuwa na kidato cha nne, na nilikuwa nimefanya kazi kambi ya watalii, kwa hiyo nilikuwa mdomo wake. Wakala aliyekuja Arusha kutafuta wakimbiaji alimtaka Amsi. Mimi alinichukua kwa kuwa Amsi hawezi kusafiri bila mtu wa kumsemea. Aliniambia hivyo hivyo, akiwa anacheka, na mimi nikacheka. Lakini lilinikaa kooni. Nilijiambia kwamba huko nitakimbia kwa muda ambao utawafanya wa timu ya taifa wanitafute mimi kwa jina langu.

Sasa sikiliza hapa, Yustina, maana Marselina naye Kiingereza hana, na nimesikia mama yake akikuambia kanisani kwamba amemweka mikononi mwako. Kumsemea mtu kunachosha. Hakuna aliyeniambia. Unachoka, na ukichoka unaanza kufupisha. Uwanja wa ndege Amsi aliniuliza maswali mengi, nikawa najibu moja nayaacha matatu. Ndani ya ndege alitaka kujua yule dada anagawa nini, nikamwambia chakula kimekwisha, kwa sababu tu sikutaka kumwita tena. Alilala na njaa mpaka tuliposhuka. Wakati ule niliona ni kitu cha kuchekesha.

Ulikuwa na miaka miwili. Huku mvua za vuli zilikuwa zimeanza na nilimwacha mama yako akipanda maharage. Kule yalikuwa majira ya majani kupukutika. Niliyaona yamelala barabarani, makubwa kama viganja, ya njano na ya kahawia, na wanaume wenye mifagio wakiyasukuma pembeni, na upepo ukiyarudisha. Lakini si baridi kama ya Karatu ya mwezi wa saba. Mchana jua lilikuwa zuri. Wazee walikaa nje kwenye viti wakinywa kahawa kwa vikombe vidogo kama vya kahawa yetu ya kijiweni. Kulikuwa na miti ya michungwa kando ya barabara, imejaa matunda, na hakuna mtu anayechuma. Amsi alichuma moja, akalitema. Ni machungu, ni ya kupendeza macho tu.

Bahari hatukuwa tumewahi kuiona, mimi wala yeye. Amsi aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama ng'ombe wanaweza kuinywa. Nikamwambia ina chumvi. Akasema, "Basi ni Ziwa Eyasi tu, wamelipanua." Hicho ndicho nilichopaswa kukuambia siku ile uliponiuliza. Ungecheka.

Siku moja kabla ya mbio tulipelekwa kupimwa hotelini. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alianza na mimi, akamaliza upesi. Kisha akamsikiliza Amsi kifua. Akasikiliza tena. Akamgeuza mgongo, akasikiliza. Akaniangalia mimi akauliza kwa Kiingereza cha polepole: amewahi kuzimia? Amewahi kusikia maumivu ya kifua? Kuna mtu wa kwao aliyekufa ghafla?

Nikamgeukia Amsi nikamuuliza kwa Kiiraqw. Hapo sikufupisha, nilimuuliza yote matatu.

Naye akajibu yote matatu. Alisema, "Mwambie nilianguka pale kilima cha Rhotia, wewe uliona. Mwambie kuna siku moyo unaruka kama ndama aliyefungwa kamba, halafu unanyamaza, mpaka naogopa. Mwambie baba yangu alianguka shambani akiwa na jembe mkononi, hakuamka. Mwambie vizuri, Tarmo, huyu mama anaonekana anajua."

Kilima cha Rhotia ni kweli niliona. Ilikuwa wiki mbili kabla ya safari. Alianguka mbele yangu kama mtu aliyekatwa miguu, akakaa chini, akainuka. Mimi ndiye niliyemwambia ni njaa.

Nilimtazama yule daktari na nikaona mambo mawili kwa pamoja. Niliona kwamba nikisema, Amsi hatakimbia kesho. Na niliona kwamba asipokimbia sitakuwa na mgongo wa kufuata. Nimejaribu miaka hii yote kukumbuka kama kulikuwa na kitu kingine kichwani mwangu, hofu au ujinga, kitu ambacho mtu anaweza kukionea huruma. Hakikuwepo.

Nikasema, "Anasema hapana. Hakuna kitu. Anasema ni baridi tu na uchovu wa safari."

Yule mama hakuandika. Alisema, "Amezungumza maneno mengi."

Nikasema, "Lugha yetu ndivyo ilivyo, ni ndefu."

Akaniuliza tena, nikarudia. Akaandika. Amsi akanigusa mkono, akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema uko sawa. Moyo wako ni wa mkimbiaji, ndivyo inavyokuwa."

Uso wake ulifunguka, mwanangu. Alivuta pumzi, akavaa shati lake, akasema, "Basi afadhali. Nilikuwa naogopa bure." Akampa yule daktari mkono, mikono miwili, kama tunavyoshukuru kwetu.

Kesho yake alikimbia kwa furaha. Hilo nalo sijawahi kumwambia mtu. Alikimbia kama mtu aliyeondolewa mzigo, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwondolea, na mpaka kilomita ya ishirini nilikuwa nyuma yake vilevile, na muda wangu ulikuwa haujawahi kuwa mzuri namna ile. Barabara ilipofika kando ya bahari akaanza kwenda upande. Bega likashuka zaidi. Nikamfikia, nikawa sawa naye, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Akasema, "Tarmo, ningoje." Alisema polepole tu, kama tukiwa njiani kwenda sokoni.

Nilipita.

Nilimsikia akiniita mara ya pili, kisha watu wa pembeni wakapiga kelele, nikajua ameanguka. Sikugeuka. Nilikimbia kilomita zilizobaki peke yangu, mara ya kwanza katika maisha yangu, nikamaliza wa nne. Mtu akanivisha kitu shingoni.

Hospitali nilimkuta yule daktari amesimama kwenye korido. Alikuwa ameshajua kabla yangu. Aliniambia, "Wewe uliniambia hapana." Nikamjibu, "Yeye hakuniambia kitu." Akaniangalia, akavua miwani, akaenda zake. Nadhani alijua. Hakuwa na namna ya kuthibitisha. Lugha iliyosemwa mle chumbani tulikuwa tukiijua wawili tu, na mmoja alikuwa amefunikwa shuka.

Nilikaa Malaga siku tisa nikisubiri karatasi za kumrudisha. Huo ndio mji ninaoujua. Nilikuwa natoka hotelini asubuhi na kurudi giza likiingia, natembea tu. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa wakanizoea, wakawa wananiinamia kichwa. Kulikuwa na mama aliyechoma njugu kubwa za kahawia kwenye jiko la bati kando ya barabara, zinazotoka kwenye miti ya huko, moshi wake unanukia kama viazi vitamu vikiungua. Siku ya tatu alinipa chache kwenye kipande cha gazeti, akakataa pesa yangu. Nilikaa nazo kwenye benchi mkabala na bahari mpaka zikapoa. Sikuweza kuzila na sikuweza kuzitupa. Mji ulikuwa mzuri, Yustina. Nilitamani uwe mbaya. Watoto walikuwa wanarushiana majani, jua linazama taratibu, na kila mtu aliyepita alikuwa na mahali pa kwenda.

Buger nilifika na jeneza. Mama yake alinishika mikono mbele ya watu wote, akaniuliza, "Wewe ulikuwa naye. Hakusema kitu? Hakusema anaumwa?"

Yale maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Ya kilima, ya ndama, ya baba yake na jembe. Watu walikuwa wananingoja mimi.

Nikasema, "Hakusema, mama."

Na kwa neno hilo nilimhamishia marehemu kosa langu. Bibi hakuwahi kuacha kuuliza. Kila nilipokwenda, Krismasi, Pasaka, wakati wa kuvuna, aliuliza kana kwamba mwaka huu huenda nimekumbuka kitu. "Mbona hakusema, Tarmo? Nilimlea vibaya? Alikuwa ananiogopa?" Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ukikohoa alikukamata kidevu akakuambia, "Sema panapouma, usiwe msiri kama Amsi." Ulirudi nyumbani ukaniuliza msiri maana yake nini. Nikakutuma maji.

Unaweza kuuliza kwa nini sikumwambia. Mwaka wa kwanza niliogopa ndugu zake. Mwaka wa pili niliona jeraha linakauka, nisilichokonoe. Baadaye ikawa nimekawia mno, na kila mwaka nilikawia zaidi, na kukawia kwenyewe kukawa ndiyo sababu. Nilimlimia shamba lake. Nilimpelekea maziwa. Alinibariki kwa kila kibuyu, akawaambia majirani kwamba Mungu alimchukua mwana mmoja akampa mwingine. Nilikuwa natembea kurudi Karatu na baraka hizo naziona kama kichaa anavyoona watu wasiokuwepo.

Mwezi wa tano akafa. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba.

Jumanne hii nilikwenda Buger tena, sikuwaambia. Nilimkuta Tluway, mdogo wake Amsi, anapukuchua mahindi barazani. Alinisogezea kigoda. Nikamweleza kwa Kiiraqw, neno kwa neno kama Amsi alivyoyasema, na jinsi nilivyoyageuza, na jinsi nilivyopita. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Akawa amelishika tu.

Akasema, "Mama alikuuliza mbele yangu."

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Siku za mwisho alikuwa anamgombeza Amsi kama vile yuko chumbani. Anamwambia, mdomo Mungu alikupa wa nini, mtoto wewe. Tulidhani ni homa."

Kuku walikuja kuokota mahindi miguuni petu, hakuwafukuza.

"Mwezi wa nne alikuwa bado anasikia," akasema. "Ungekuja mwezi wa nne."

Mkewe alileta chai. Nilitaka kuinuka, Tluway akasema, "Kunywa, umetembea mbali. Ukimaliza, usirudi hapa." Nilikunywa mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo alivyoniambia. Kisha nikaondoka.

Nilikuwa nimedhani nikishasema mzigo utapungua. Watu husema hivyo. Mimi haujapungua. Sasa uko kwangu na kwa Tluway, na leo naugawa tena, naupeleka kwako siku moja kabla ya safari yako, mtoto ambaye hukuomba chochote ila kujua mji ukoje. Nimejiuliza kama hili nalo si kupita tu tena na kukuacha barabarani. Huenda ndivyo. Lakini mtakaa kwenye chumba kama kile, wewe na Marselina na daktari, na sikuweza kukuacha uingie humo huku ukidhani baba yako hana la kusema isipokuwa kwamba kuna bahari.

Sikuandikii ili unisamehe. Waliokuwa na haki ya kunisamehe nimewazika wote wawili. Wala sitaki uniombee. Mama yako bado hajui. Kesho, gari likishaondoka, nitamketisha nimwambie mwenyewe, na sijui nyumba hii itakuwaje utakapopiga simu kutoka huko.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya begi lako, chini ya viatu, uikute ukiwa umeshafika. Nimekataa. Nitakupa mkononi leo hii, uisome nikiwa hapa karibu, uniangalie usoni ukitaka. Kesho gari linakuja saa kumi na mbili. Ukitaka nikubebee begi mpaka barabarani, nitalibeba. Usipotaka, nitabaki bandani na ng'ombe mpaka muondoke, na sitamwambia mtu kwamba ni wewe uliyekataa.

Nasikia geti. Unaongea na mama yako uani, unamsimulia kitu alichosema shangazi, na mnacheka wote wawili. Nimengoja kidogo ili mmalize. Sasa nakuja.

Baba yako,
Tarmo